Viti Maalum Bungeni: Haki ya Mwanamke au Mali ya Chama? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza hoja inayobeba sera za upendeleo popote duniani: pale ambapo historia imempa mmoja na kumnyima mwingine, sheria inayowatendea wote sawasawa hulinda tu pengo lililokwishakuwapo. Leo tunaiacha nadharia na kwenda Dodoma, kuona hoja hiyo ilivyofanya kazi katika Bunge la Tanzania na kwa nini haijaacha kuzua ubishi.

Wapo wanaodhani viti maalum ni hisani ya watawala. Sivyo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, lakini ibara hiyohiyo, katika kifungu kidogo cha 5, inatamka kuwa Serikali haitahesabiwa kuwa inabagua inapochukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Ibara ya 66 ndiyo inayoweka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30, na ya 78 inaeleza mgawo wake: chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge hupata viti kwa kadiri ya kura zake.

Kiwango hicho hakikufikiwa kwa siku moja. Mwaka 1985 viti vya wanawake vilikuwa 15 tu. Kiwango kilipanda hatua kwa hatua, kikafika asilimia 20 mwaka 2000 na asilimia 30 mwaka 2005. Bunge la 2010 lilikuwa na wabunge 102 wa viti maalum, na la 2020 lilikuwa na 113.

Je, vilihitajika kweli? Tukumbuke kazi ya Bibi Titi Mohamed na wenzake, waliopita mtaa kwa mtaa miaka ya 1950 wakiiingizia TANU maelfu ya wanachama wanawake. Uhuru ulipopatikana, ukumbi wa Bunge ulijaa wanaume. Wanawake walikuwa na kura na walikuwa na hamasa. Walichokosa ni fedha za kampeni, na walikosa pia baraka za wazee wa chama na jamii iliyo tayari kumwona mama jukwaani bila kumuuliza watoto kamwachia nani. Vikwazo hivyo havijaisha: katika majimbo 264 yaliyoshindaniwa mwaka 2020, wanawake walioshinda hawakufika hata 30. Ondoa viti maalum, na Bunge ambalo zaidi ya theluthi moja ya wajumbe wake ni wanawake lingebaki na wachache wa kuhesabika.

Faida nyingine ni ya malezi ya uongozi. Asha-Rose Migiro aliingia Bungeni mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo wa 2000 Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa njia hiyo. Baadaye alishinda jimbo la Makunduchi, na mwaka 2021 akawa Rais. Upinzani nao umevuna. Halima Mdee alianza na viti maalum mwaka 2005, kisha akalitwaa jimbo la Kawe mwaka 2010. Aida Khenani, aliyekuwa viti maalum, ndiye aliyeiletea Chadema jimbo lake pekee mwaka 2020, Nkasi Kaskazini.

Sasa tuzikabili lawama. Ya kwanza ni ya sifa: kwamba mtu anapewa asichostahili. Hii ni dhaifu. Anayeisema huchukulia kuwa mbunge wa jimbo amepita kwa uwezo mtupu, kana kwamba fedha, ukoo na jina la baba havijawahi kumpitisha mtu.

Ya pili ina uzito zaidi: kwamba viti hivi vimezaa wabunge wa daraja la pili. Waziri Mkuu lazima atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo husimamiwa na kamati inayoongozwa na mbunge wa jimbo. Na wa viti maalum akionekana mara nyingi kijijini, mwenye jimbo humshuku kuwa anamchimba.

Ya tatu ndiyo kiini cha ugonjwa. Mbunge wa viti maalum hapigiwi kura na wananchi. Ndani ya CCM huanzia kwenye kura za Umoja wa Wanawake, kisha vikao vya juu huamua; vyama vingine vina utaratibu wake. Kwa hiyo anayemwogopa si mpigakura, ni kikao. Sakata la wabunge 19 wa Chadema walioapishwa Novemba 2020, huku chama chao kikisema hakikuwateua, liliuanika udhaifu huo: kwa miaka kadhaa swali lilikuwa wao ni wa chama au si wa chama, na hakuna aliyeuliza wananchi gani wamewatuma. Tena Katiba haikuweka ukomo wa vipindi. Imeviachia vyama, na asiyelazimishwa kuondoka huzoea.

Jirani zetu wametufundisha jambo. Uganda ina kiti cha mwakilishi mwanamke kwa kila wilaya; zamani alichaguliwa na wajumbe maalum, lakini tangu 2006 huchaguliwa na wananchi wote. Kenya, kwa Katiba ya 2010, humpigia kura mwakilishi mwanamke katika kila moja ya kaunti 47. Lakini 47 kati ya wabunge 349 hawafiki theluthi inayotakiwa na Katiba hiyo, na Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kuziba pengo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje mnamo Septemba 2020. Yaani Kenya ina kura bila idadi. Tanzania ina idadi bila kura.

Msimamo wangu ni kuwa viti maalum vibaki, lakini vitoke mikononi mwa vikao. Kila mkoa upewe viti vyake, wanawake wa vyama vyote wagombee, na wakazi wote, wanaume kwa wanawake, wapige kura. Na Katiba iweke vipindi viwili, kisha mtu aende jimboni au apishe wengine. Mjadala wa Katiba mpya utakaporudi mezani, msomaji, usikubali kuulizwa kama unavitaka viti hivi au huvitaki. Dai kujua nani atawachagua watakaovikalia.

Katika sehemu ya tatu tutavuka bahari hadi India, ambako upendeleo wa matabaka umo katika Katiba tangu 1950.