Kwa nini ramani za wapangaji miji huishia kabatini

NENO ‘mpangaji’ huwatatiza wengi. Kwa mwenye nyumba, huyo ni mtu anayemlipa kodi kila mwezi. Kwa serikali ya kaunti, ni mtaalamu anayeeleza barabara ipite wapi, shule ijengwe wapi na majitaka yaelekezwe wapi. Huyu wa pili ndiye hulaumiwa matingatinga yanapobomoa nyumba, ilhali mara nyingi hakuwa na kauli.

Taaluma yake ingali changa. Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya mipango ya miji mnamo 1909, na mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Liverpool kikaanza kufunza somo hilo. Chama cha wataalamu wake kiliundwa London mnamo 1914. Awali kazi hiyo ilikuwa ya wahandisi, wasanifu majengo na wapima ardhi.

Nairobi ilizaliwa 1899 ikiwa kituo cha reli. Tauni ilipozuka mnamo 1902, wakoloni waliteketeza soko la Wahindi. Mnamo 1913 Profesa W.J. Simpson, daktari, alipendekeza makazi yatengwe kwa misingi ya rangi. Afya ikawa kisingizio cha ubaguzi. Mpango mkuu wa 1948, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Profesa L.W. Thornton White, uliiita Nairobi waziwazi mji mkuu wa koloni.

Baada ya uhuru ulitayarishwa mpango wa 1973, uliokusudiwa kuliongoza jiji hadi 2000. Sehemu kubwa yake haikutekelezwa. Muda wake ulipokwisha, jiji lilikua bila dira hadi ulipopatikana mpango mpya wa 2014.

Je, wataalamu walikosekana? La hasha. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewafunza kwa miongo kadhaa, na sheria ya 1996 ikaagiza wasajiliwe. Lakini mpangaji hukusanya takwimu, huchora ramani na kusikiliza wananchi. Kuidhinisha na kutenga fedha ni kazi ya wanasiasa.

Mfano bora ni Mukuru. Mnamo 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mtaa huo wa mabanda, wenye zaidi ya familia 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Badala ya kujifungia ofisini, wapangaji waliketi na wakazi, wakishirikiana na mashirika takriban 40. Walikubaliana kuwa viwango vya kawaida vya upana wa barabara vingewafurusha watu wengi mno, hivyo vikapunguzwa.

Hata hivyo, mnamo Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupanua barabara. Maelfu ya watu walipoteza makao, na baadhi yao wakalala katika vibanda vya plastiki palipokuwa nyumba zao.