Nyama ya nguruwe ya Kichina: Ing'ae nje, iive na ndani

Na MWANDISHI WETU

ANAYEPITA mitaani Hong Kong hakosi kuiona: minofu mirefu ya nyama ya nguruwe, myekundu na yenye kung'aa, ikining'inia kwa kulabu nyuma ya kioo cha duka la chakula.

Nyama hiyo huitwa char siu. Asili yake ni mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina, na jina lake kwa Kikantoni lina maneno mawili: 'char', yaani uma, na 'siu', yaani kuchoma. Hapo kale minofu ilitungwa kwenye uma ndefu na kushikiliwa juu ya moto. Siku hizi mafundi wa mapishi haya huining'iniza ndani ya tanuri la chuma lenye umbo la pipa, joto likaizunguka pande zote huku mafuta yakitiririka chini.

Wengi wetu hatuna tanuri la aina hiyo. Hata hivyo, kikaangio cha hewa, chombo cha umeme ambacho kampuni ya Philips ilikizindua mwaka wa 2010, sasa kimeingia katika jikoni nyingi za mijini. Je, chaweza kuifanya kazi ya tanuri la Guangdong?

Jibu ni ndiyo, mradi mpishi aelewe jinsi kinavyofanya kazi, na pia atambue hatari iliyojificha katika mapishi haya.

Ingawa chombo hiki kinaitwa kikaangio, hakikaangi. Ni oveni ndogo. Juu yake mna koili ya umeme inayotoa joto, na karibu nayo feni inayoipuliza hewa moto kwa kasi kuizunguka nyama iliyo katika kikapu chenye matundu. Kwa kuwa nafasi ni finyu na hewa haitulii, ngozi ya nje ya nyama hukauka upesi na kubadilika rangi mapema kuliko katika oveni ya kawaida.

Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye mtego.

Mwandishi wa makala haya alipojaribu mapishi haya kwa mara ya kwanza, aliipaka nyama asali tele kisha akaitia kwenye joto la nyuzi 200 tangu mwanzo. Baada ya dakika 12 ilikuwa imeiva kwa macho: nyekundu, yenye kung'aa, kingo zimeungua kidogo kama zile za Hong Kong. Kisu kilipopita katikati, nyama ilikuwa mbichi, na maji yake yalikuwa na damu. Wahenga hawakukosea waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kosa lenyewe lina maelezo. Sukari iliyomo katika asali huanza kuungua kabla joto halijapenya hadi kiini cha mnofu. Zaidi ya hayo, viungo vya char siu huipa nyama wekundu, hivyo rangi haiwezi kumjulisha mpishi kama chakula kimeiva.

Hatari ya tegu

Suala hili si la ladha pekee. Nyama ya nguruwe isiyoiva yaweza kuwa na viluwiluwi vya mnyoo aitwaye tegu. Anayeila nyama hiyo hupata tegu tumboni. Mayai ya mnyoo huyo hutoka kwa kinyesi, na yakiingia kinywani mwa mtu kupitia mikono michafu, maji au mboga ambazo hazikuoshwa, viluwiluwi vyaweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kifafa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa katika maeneo mengi ambako maradhi haya yamekita mizizi, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana nayo. Hapa Kenya, watafiti wamegundua nguruwe wenye viluwiluwi hivyo katika maeneo ya magharibi, ikiwemo Busia, ambako baadhi ya wafugaji huwaachilia nguruwe wazurure wakijitafutia chakula.

Kinga ni rahisi. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, nawa mikono kwa sabuni, na uipike hadi iive kabisa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango chake mwaka wa 2011 hadi nyuzijoto 63 za Selsiasi kwa kipande kizima, kikifuatiwa na dakika tatu za kupumzisha nyama. Nyumbani, ni busara kufika nyuzi 71. Nyama ya bega ina mafuta ya kutosha, kwa hivyo haitakauka kwa sababu ya nyuzi hizo chache za ziada.

Kipimajoto cha nyama chenye ncha kali ndicho kifaa muhimu zaidi katika mapishi haya. Kichomeke katikati ya mnofu ulio mnene kuliko yote.

Viungo

Kwa watu wanne, tafuta:

- Nyama ya bega la nguruwe isiyo na mfupa, gramu 700
- Sosi ya hoisin, vijiko vikubwa viwili
- Sosi ya soya, vijiko vikubwa viwili
- Asali, vijiko vikubwa viwili, na kimoja zaidi cha kupaka mwishoni
- Sukari ya kahawia, kijiko kikubwa kimoja
- Vitunguu saumu, punje tatu zilizopondwa
- Mchanganyiko wa viungo vitano vya Kichina, nusu kijiko cha chai
- Maji ya bitiruti, kijiko kikubwa kimoja, ukipenda wekundu

Katika mchanganyiko wa viungo vitano, vitatu si vigeni kwa mpishi wa pwani: karafuu, mdalasini na shamari. Viwili vilivyosalia ni anisi yenye umbo la nyota na pilipili ya Sichuan. Usizidishe kipimo, maana karafuu na anisi huweza kuifunika ladha ya nyama.

Jinsi ya kuandaa

Kata nyama iwe minofu mirefu yenye unene wa sentimita nne hivi. Hakikisha inalingana, la sivyo mmoja utaungua kabla ya mwingine kuiva. Changanya viungo vyote, isipokuwa ile asali ya mwisho, kisha uroweke nyama humo. Ifunike na uiache kwenye jokofu usiku kucha, au angalau saa nne.

Siku ya kupika, iondoe nyama katika mchuzi na uache ule wa ziada udondoke. Uchemshe mchuzi uliosalia kwa dakika tano ukitokota kabisa, kwani umegusana na nyama mbichi. Kisha ongeza ile asali ya kupaka.

Washa kikaangio kwa dakika tano kwenye nyuzi 180. Panga minofu kwa safu moja, ukiacha nafasi kati ya mmoja na mwingine, ili hewa ipite. Ikiwa maelekezo ya mtengenezaji hayakatazi, tia vijiko vichache vya maji kwenye droo iliyo chini ya kikapu. Maji hayo huzuia mafuta na asali inayodondoka kuungua na kujaza moshi jikoni.

Pika kwa dakika 10, geuza, upike nane nyingine. Sasa pima joto. Likikaribia nyuzi 65, paka mchuzi ule wa asali, ongeza joto la chombo hadi nyuzi 200 na upike dakika mbili. Geuza, paka tena, upike mbili zaidi. Usiondoke hapo, kwani dakika moja yatosha kuigeuza asali kuwa masizi.

Kipimajoto kikionyesha 71, toa nyama na uiache itulie dakika 10 kabla ya kuikata vipande vyembamba, ukikata kukingama nyuzi za nyama. Vikaangio havilingani nguvu, kwa hivyo ziamini nyuzi za kipimajoto kuliko dakika za saa.

Wakantoni huila kwa wali mweupe na mboga za majani. Sukuma wiki iliyokaangwa kidogo kwa vitunguu saumu inafaa sana mahali pa mboga zao. Inayosalia iingie kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita, na iliwe ndani ya siku tatu.

Kwa wasomaji ambao dini yao haiwaruhusu kula nguruwe, mapaja ya kuku yasiyo na mifupa hupikwa kwa njia iyo hiyo. Kuku sharti afike nyuzi 74, na huiva mapema, kwa hivyo anza kupima baada ya dakika 12. Na hata kwa kuku, usidanganywe na mng'ao wa nje.