Stendi ya Kamera kwa Mwenye Bajeti Ndogo: Usiuamini Uzito Ulioandikwa kwenye Boksi

Kijana anayeanza kazi ya kupiga picha za harusi na mahafali kwa kawaida hujinyima kwa miezi mingi, au hukopa katika kikundi, ili apate kamera. Kamera ikishapatikana, mfuko umekauka, na stendi hununuliwa kwa fedha iliyosalia. Hapo ndipo hasara huanzia. Stendi ya miguu mitatu, ambayo wauzaji wengi huiita tripodi, hubeba juu yake mtaji wote wa mwenye kazi. Kiungo kimoja kikilegea, hupotea kamera, lenzi na mkopo ambao haujamalizwa kulipwa.

Jambo la kwanza ambalo mlaji hutazama dukani ni uzito ulioandikwa kwenye boksi: kilo 3, kilo 5, wakati mwingine kilo 10. Namba hiyo ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka kuliko maandishi mengine yote. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1222 kinaeleza vipimo vya skrubu inayounganisha kamera na stendi, lakini hakisemi mzigo upimwe vipi, na kila mtengenezaji huupima kwa njia yake. Mmoja huandika uzito ambao miguu inaweza kuubeba bila kuvunjika pale unapowekwa taratibu katikati kabisa. Mwingine huandika uzito ambao kichwa cha stendi kinaweza kuushika bila kuinama. Haya ni mambo mawili tofauti, na kamera yenye lenzi ndefu haikai katikati: uzito wake huvuta mbele.

Ni busara, basi, kuchukua nusu ya namba iliyoandikwa na kuiona hiyo kuwa ndiyo kikomo. Kamera ndogo ya DSLR pamoja na lenzi inayouzwa nayo kwa kawaida haifiki kilo moja, na stendi nyingi za bei ya chini zilizotengenezwa kwa uangalifu huimudu. Lakini kamera kubwa yenye lenzi nzito ya milimita 70 hadi 200 huzidi kilo mbili, na kuiweka juu ya stendi ya plastiki iliyokusudiwa simu ni kuichezea bahati.

Namba ya pili inayopotosha ni ya urefu. Sentimita 160 zilizoandikwa mara nyingi hupatikana baada ya kuinua nguzo ya katikati hadi mwisho. Nguzo hiyo ikiinuliwa, kamera hukaa juu ya kijiti kimoja badala ya miguu mitatu, na upepo mdogo tu hutosha kuitikisa. Ifungue stendi dukani bila kuinua nguzo. Miguu peke yake ikifika usawa wa bega lako, inatosha, kwa kuwa kichwa cha stendi na kamera yenyewe vitaongeza sentimita zilizobaki hadi kwenye macho.

Kwa mwenye fedha kidogo, fedha hiyo iende kwenye miguu kabla ya kitu kingine chochote. Bomba la mguu likiongezwa kipenyo mara mbili, unene wa bati lake ukibaki uleule, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana stendi yenye miguu ya vipande vitatu huwa imara kuliko ile ya vipande vitano yenye urefu na bei sawa: kila kipande hulazimika kuingia ndani ya kingine, hivyo cha mwisho huwa chembamba kama kalamu. Stendi ya vipande vitano hukunjwa ikawa fupi na kuingia vizuri kwenye begi la safari, na kwa anayepanda daladala na vifaa vyake hilo si jambo dogo. Ajue tu kwamba wepesi huo ameulipia kwa uimara. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hutuliza mtikisiko vizuri, lakini bei yake iko mbali. Alumini inatosha. Plastiki kwenye viungo vinavyobeba uzito haifai kwa kamera, ingawa kwa simu haina neno.

Kichwa cha stendi ndicho kinachowaangusha wengi. Kwa picha za kawaida, kichwa cha tufe hugeuzwa kwa haraka na kufungwa kwa kitasa kimoja. Anayerekodi video anahitaji kichwa chenye mkono mrefu kinachogeuka polepole bila kushtuka. Vichwa vya bei ya chini vinavyodai kufanya kazi zote mbili kwa kawaida huzifanya zote nusunusu.

Kipo kitu kimoja kidogo ambacho wanunuzi hawakiulizii kabisa: sahani inayofungwa chini ya kamera na kuchomekwa kwenye kichwa. Sahani hii hupotea. Husahaulika kwenye kamera ya rafiki, huachwa ukumbini. Ikiwa stendi yako hutumia sahani ya umbo la peke yake, siku inapopotea stendi nzima inakuwa chuma chakavu. Mwandishi wa makala haya anayo moja ya namna hiyo nyumbani. Imekuwa ya kuanikia taulo. Tafuta stendi yenye sahani ya mtindo wa Arca-Swiss, ambao hutumiwa na watengenezaji wengi, au muulize muuzaji kama anauza sahani ya akiba na uione kwa macho yako kabla ya kulipa.

Nenda dukani na kamera yako. Muuzaji mwaminifu, awe Kariakoo au kwingineko, hatakukatalia kujaribu. Fungua miguu yote hadi mwisho, kaza vibano, kisha bonyeza kwa mikono miwili kutoka juu: mguu usiteleze hata kidogo. Shika kichwa na ukizungushe kama unayefungua kifuniko cha chupa. Ukiona miguu inajisokota, iache. Funga kamera, vuta lenzi hadi mwisho wake, ielekeze mbele usawa wa macho na ukaze kitasa. Tazama kitu kidogo kwenye kioo cha kamera, hesabu hadi thelathini, utazame tena. Ikiwa kitu hicho kimepanda kwenye picha, kichwa kinainama, na kitakuwa kinainama kila siku utakayokitumia.

Stendi ya alumini iliyotumika mara nyingi huwa na thamani zaidi kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Chunguza kama vibano vina ufa, kama mipira ya miguuni ipo yote mitatu, na kama kuna mchanga au chumvi ndani ya mabomba, hasa ikiwa imetumika kwa picha za ufukweni.

Ikiwa fedha haitoshi hata kwa hiyo, afadhali kusubiri. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukiwekwa juu ya ukuta au meza, hushika kamera vizuri kuliko stendi dhaifu. Washa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise wakati wa kupiga.

Ukishanunua, dai risiti ya EFD inayotaja jina la bidhaa na si neno “vifaa” pekee, na utunze boksi lenye ile namba ya uzito. Namba hiyo ni ahadi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maandishi yanayobandikwa ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayafuti haki ambazo sheria imempa mlaji. Stendi iliyoandikwa kilo 5 ikivunjika chini ya kamera ya kilo moja, irudishe mapema, ikiwa na risiti na picha za sehemu iliyovunjika, na umweleze muuzaji kwa maandishi unachodai: kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Akikataa, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na nakala za vielelezo hivyo. Usiitengeneze kwa gundi wala kuipeleka kwa fundi kabla ya hapo, kwa sababu muuzaji atasema kuwa wewe ndiye uliyeiharibu, na itakuwa vigumu kuthibitisha vinginevyo.