Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Mama, Usingoje!

Tunapotaja kansa ya damu hapa mkoani Mara, wengi wetu hukumbuka msiba wa Oktoba 1999. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alifariki London tarehe 14 ya mwezi ule akiwa na umri wa miaka 77, akarudishwa kuzikwa nyumbani kwao. Ugonjwa uliomchukua ni lukemia. Siku zile watu wengi, toka Bunda hadi Musoma, walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza redioni.

Lakini iko ndugu ya lukemia ambayo haiwatafuti wazee. Hiyo huwashika watoto, hasa wenye umri wa miaka minne hadi tisa, na ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu inakoonekana zaidi duniani. Huitwa limfoma ya Burkitt. Kila mama anayelea watoto kandokando ya ziwa hili inampasa kuijua, kwa sababu mtoto akiwahishwa hospitali anaweza kupona kabisa.

Askari walioasi

Damu yetu ina chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kama ya askari: hupambana na vijidudu vinavyoingia mwilini. Nyingi hutengenezwa katika uboho ulio ndani ya mifupa, na nyingine hukaa katika tezi. Chembe hizo zikiharibika huanza kuzaana ovyo bila kutii amri ya mwili. Zikijaa katika uboho na damu, tunasema ni lukemia. Zikijikusanya na kufanya uvimbe, tunasema ni limfoma.

Limfoma ya Burkitt ina mbio kuliko kansa karibu zote za binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akicheza vizuri wiki mbili zilizopita aweza leo kuonekana na shavu lililovimba kama amebana chungwa mdomoni.

Daktari wa jicho moja

Jina la ugonjwa huu limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na mwaka 1946 alikuja Uganda kufanya kazi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama nje dirishani akaona mtoto amekaa na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo akatambua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari hizo katika jarida la madaktari.

Kisha akauliza swali ambalo hata mama wa nyumbani angeuliza: mbona watoto wa huku wanaugua, na wa kule hawaugui? Kwa msaada wa pauni 25 tu alipeleka picha na maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilometa 16,000, toka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na huadimika milimani kwenye baridi. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London. Aliyemsikiliza mmoja, Anthony Epstein, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe hizo. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Watoto wa Mara walivyosaidia dunia

Wanasayansi walibaki na fumbo. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho, tena wengi hukipata utotoni bila kuumwa. Kwa nini basi wachache tu wapate kansa? Je, ni malaria inayoongeza hatari?

Swali hilo lililetwa kwetu. Hospitali ya Shirati, ya Kanisa la Menonite, ilikuwa ikiandika na kutibu wagonjwa wa Burkitt kwa miaka mingi, na Dakta George Brubaker alikuwa mmoja wa watafiti wake. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa Mara Kaskazini wenye umri chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini ili malaria ipungue, na wagonjwa wapya wa Burkitt wakahesabiwa. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena ingawa vidonge viliendelea kugawiwa. Wagonjwa wa Burkitt nao walipungua, lakini baadaye wakaongezeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Hayakutosha kufunga mjadala, ila yaliwatia watafiti moyo waendelee.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika kuanzia 2010 katika Uganda, Kenya na Tanzania, ukiongozwa na Dakta Sam Mbulaiteye. Huo nao ulielekeza kidole kwa malaria. Watoto waliorithi jeni moja ya selimundu bila kuugua, ambao mwili wao huikinza malaria kali, walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata Burkitt. Maelezo yake ni haya: malaria ya mara kwa mara huwalazimisha wale askari wa damu kuzaana kupita kiasi, na katika haraka hiyo makosa hutokea ndani ya chembe.

Kwa hiyo, mama unapomfunika mtoto kwa chandarua, unamkinga na zaidi ya homa.

Inatibika kwa dawa

Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, aliona kisu hakifai kwa ugonjwa huu. Alijaribu dawa za kuua chembe za kansa, na baadhi ya watoto walipona hata kwa dozi chache. Leo dawa kadhaa huchanganywa. Katika nchi tajiri hupona karibu watoto 9 kati ya 10. Kwetu Afrika hupona wachache kuliko hapo, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu kabla hayajakwisha.

Sababu ya pili tuielewe vizuri. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe waweza kunywea kabisa, na wazazi wakadhani kazi imekwisha. Nauli nayo ni ghali: toka Musoma hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilometa 200. Lakini chembe chache zikibaki, ugonjwa hurudi. Baba na mama wapange pamoja tangu mwanzo jinsi ya kumaliza safari zote, na majirani pamoja na jumuiya ya kanisa wasaidie.

Dalili za kuangalia

• Taya au shavu kuvimba, mara nyingi bila maumivu makali.
• Meno kulegea au kupanda kombo. Usikimbilie kung'oa jino kabla daktari hajapima.
• Jicho kutokeza nje.
• Tumbo kuvimba haraka.
• Miguu kukosa nguvu ghafla.

Ukiona mojawapo, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo, uombe apimwe kipande cha uvimbe. Tusipoteze wiki kwa mafuta ya kuchua, chale, wala kutafutana uchawi. Akiwa kwenye dawa, nywele zaweza kunyonyoka na atatapika, hayo hupita. Ila akipata homa, mrudishe hospitali mara moja, kwani kinga yake iko chini.

Ugonjwa huu hauambukizi kama kikohozi. Mtoto anayetibiwa abembelezwe, alale na wenzake, ale nao sahani moja. Tena mwenzetu anayemuuguza tusimwache peke yake: apikiwe, na watoto wake wengine watunzwe mpaka arudi.