Hodi Moja Yatosha

Kila mwisho wa mwezi, programu niliyoiandikia saccos moja hapa Dar es Salaam hutuma ujumbe kwa wanachama 6,000, kila mmoja na salio lake. Mara ya kwanza kazi ilichukua saa nzima na ushei. Mhasibu akanipigia: "Mwanangu, mbona wengine wamepata, wengine bado?" Nililaumu intaneti ya ofisi. Kumbe kosa lilikuwa langu.

Seva inayopokea ujumbe iko Ireland. Nilipopima, kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Kabla ya lolote, kompyuta hupigiana hodi: yangu hubisha, ile huitika, yangu huingia. Hiyo ni safari moja. Kisha hupatana jinsi ya kuficha mazungumzo. Kwa TLS 1.2 iliyotumika pale, safari mbili zaidi (TLS 1.3 ya mwaka 2018 huhitaji moja). Ndipo salio la mwanachama huenda, safari ya nne. Jumla milisekunde 600, halafu programu yangu iliaga, ikafunga mlango, ikaanza hodi upya kwa mwanachama anayefuata. Zidisha mara 6,000: saa moja kamili.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Tangu 1997, HTTP 1.1, lugha ya maombi na majibu ya wavuti, huuacha muunganisho wazi mpaka upande mmoja uamue kuufunga. Nilihamisha mistari miwili tu, muunganisho ukafunguliwa mara moja na kutumiwa na wote. Saa ikawa robo saa.

Lakini muunganisho uliotunzwa huzeeka. Usiku seva ilifunga upande wake kimya. Asubuhi ujumbe wa kwanza ukapotea. Sasa muunganisho ukikaa dakika mbili bila kazi, tunautupa na kuuliza anwani ya seva upya, maana seva nazo huhama.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Muunganisho ukikatika baada ya kutuma, kabla ya jibu, ombi limefika au halijafika? Salio likitumwa mara mbili ni usumbufu tu. Mwaka huu tumeanza kulipa mikopo kwa njia hiyohiyo, na hapo kurudia ni kutoa fedha za watu mara mbili. Kwa hiyo kila ombi hubeba namba yake. Seva ikiiona tena, hurudisha jibu lilelile bila kulipa upya.

Mhasibu alipoziona namba hizo alisema ni sawa na namba za stakabadhi zake, akaomba zichapwe kwenye ripoti ya kila mwezi.