Kubadili kifyatulio cha bunduki ya kuwindia: kwa nani inafaa?

Mwenye bunduki ya kuwindia hapa Kimwani hapati risasi nyingi za kupiga kwa mwaka. Burigi haiwindwi tena tangu 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Anayetaka nyati akate kibali, asafiri hadi huko Pori la Akiba la Moyowosi. Ukifika umbali huo, kifyatulio kigumu kikikupotosha shabaha inauma.

Pima kabla ya kununua. Tumia mizani ya ndoano, si ile kubwa ya mwaloni ya kupimia sangara, bali ndogo ya kupimia begi. Hakikisha chemba ni tupu, koki bunduki, pachika ndoano katikati ya kifyatulio, vuta taratibu. Mauser za zamani za kijeshi huweza kuzidi kilo 2.5. Kwa windo, kilo 1.2 hadi 1.6 zinatosha. Ukipunguza zaidi, kidole kilichokufa ganzi kwa baridi ya alfajiri kitafyatua kabla hujaamua.

Mwenye CZ 550 asikimbilie dukani. Nyingi zina kifyatulio kinachosukumwa mbele kwanza, kisha kinakuwa chepesi mno, na wapo wanaokaa nazo miaka bila kujua. Zenye skrubu za kurekebishia, fundi mwenye leseni atakudai ufundi tu.

Mwenye Mauser ndiye anayefaidi kununua. Kampuni ya Timney ya Marekani, iliyoanza 1946, inamtengenezea kifyatulio. Huko kwao vifyatulio vyake vingi ni dola 100 hadi 200. Cha Mauser chenye usalama wake huenda kikahitaji mbao ichongwe kidogo. TriggerTech ya Kanada ni laini kweli, ila bidhaa zake nyingi ni za mfumo wa Remington 700, kwa hiyo mwenye Mauser aisahau.

Juu ya bei weka usafirishaji, ushuru na nauli ya kwa fundi. Silaha ziko chini ya sheria ya 2015: waulize polisi wa wilaya kabla ya kuagiza, siyo kifurushi kikishakwama forodhani.

Usidhani kipya hakina hitilafu. Mwaka 2014 Remington iliita zirudishwe bunduki zake zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyozidi kiwandani iliweza kuzifanya zijifyatue. Fundi akimaliza, bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, gonga kitako kwenye mkeka mara kadhaa, kisha washa na kuzima usalama. Ikijifyatua hata mara moja, mwachie fundi.