Umeambiwa Ufanye Projekti ya Kitu Unapenda? Hivi Ndivyo Mapenzi ya Nganya Hugeuka Utafiti wa Ukweli

Mwalimu akisema "chagueni kitu mnapenda, mfanye utafiti wenyewe," darasa nzima hufurahi kwa dakika tano. Halafu kimya. Kupenda kitu ni rahisi, kukigeuza kuwa projekti ya kurasa kumi ndio ngori. Siku tatu kabla ya kupeana kazi, msee anakimbia saiba, anatoa soo mbili, anachapishiwa projekti ya mtu wa mwaka jana. Jina linabadilishwa, kava inapewa rangi mpya, imeisha hiyo.

Hii maneno imekuwa kubwa zaidi tangu Grade 10 ya kwanza iingie senior school Januari 2026. Community Service Learning ni somo la lazima huko, na mwanafunzi anatarajiwa kutafuta shida kwa jamii yake na kuifanyia kazi. Wale wa Form 3 na Form 4 wako na projekti zao, na wa chuo wanajua final year inavyonyoosha watu.

Kuna kitu kingine hatupendi kuongea. Nairobi imejaa wasee wakali wa kuandika. Kwa miaka mingi vijana wa hapa wamekesha wakiandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za shule, wanalipwa kwa ukurasa. Kumaanisha akili ya kufanya utafiti tuko nayo. Lakini stage ya kwenu, soko la kwenu, uwanja wa kwenu, hakuna mtu ameandika. Ukinunua projekti saiba, unaacha mtaa wako bila stori kwa mara nyingine.

Basi tushike mfano mmoja tu, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme wewe ni mtoi wa Eastlands na unapenda mathree. Unajua kila nganya mpya ikitoka, unajua dere gani huchapa kona vipi. Unaanzia wapi?

1. Toa swali kwa ile kitu unapenda

"Matatu za Nairobi" ni mada. Haina mwisho, utaandika mpaka uzeeke. Unahitaji swali.

Jiulize ni nini hukusumbua kuhusu hiyo kitu. Labda ni hii: mbona mvua ikitonya tu, nauli inaruka? Hapo umeanza. Sasa lipunguze mpaka litoshe mfuko wako na muda wako: "Nauli ya kutoka tao hadi mtaani kwetu, saa kumi na mbili jioni, hubadilika vipi kwa siku 14, na ni nini hufanya ipande?"

Swali fiti lina alama tatu. Moja, unaweza kulijibu na miguu yako na doo uko nayo. Mbili, unajua ni nani wa kuuliza. Tatu, jibu linaweza kukushangaza. Kama ushaamua jibu ni "makanga ni wezi," huna swali, uko na hasira tu.

2. Cheki wenye walikutangulia

Usidhani mathree si kitu ya kusomewa. Kuna profesa Mkenya anaitwa Kenda Mutongi, ametoa kitabu kizima kuhusu historia ya matatu za Nairobi, kilichapishwa 2017. Kisha kuna Digital Matatus, ambapo University of Nairobi ilishirikiana na MIT na Columbia za Marekani pamoja na kampuni ndogo inaitwa Groupshot. Wanafunzi walipanda mathree na simu zao, wakarekodi njia na stage moja baada ya nyingine. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya route zaidi ya 130, ambazo kabla ya hapo zilikuwa kwa vichwa vya madere na abiria. Waliacha data wazi kwa kila mtu, na 2015 ikaingia Google Maps. Ilianza na watu kukaa kwa kiti na kuandika wanachoona.

Historia nayo itakupa macho. Jina lenyewe, wazee wanasema, lilitoka kwa nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila ile leseni maalum, biashara ikalipuka. Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza kazi: mishipi, ule mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ukijua hizi, unaona kwamba nauli, viti na rangi ni vitu vilivyopiganiwa.

Utazipata wapi? Archives pale Moi Avenue, ile wengi wetu tunajua kama mahali pa kungojea mtu, ndani kuna makaratasi ya nchi nzima. Maktaba Kuu ya KNLS iko Upper Hill. Ingia, uliza mhudumu, hao watu hupenda mtu mwenye swali.

AI je? Itumie kama beshte wa kubonga naye, ikusaidie kunoa swali. Lakini ikikupa jina la kitabu ama takwimu, tafuta hicho kitabu kwanza. Hizi programu hutunga vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, na zinakuambia bila hata kupepesa macho.

3. Kusanya kila siku kwa njia ile ile

Hapa ndio wengi huchoka. Chukua daftari dogo, lile la shilingi ishirini. Chora safu: tarehe, saa, mvua ama kavu, foleni ya watu ni ndefu kiasi gani, nauli konda ametaja, nauli umelipa, mathree ina viti vingapi, na dakika mlizotumia mpaka mtaani.

Stage iwe ile ile, saa iwe ile ile. Ukichukua nauli ya Jumatatu saa nane mchana na ya Ijumaa saa moja usiku, hujalinganisha kitu. Kama kila siku hutoki shule saa hiyo, badilisha saa iwe ile unayoweza. Ama umpe mathe anayetoka job jukumu la kukuandikia.

Andika kwa daftari, usitoe simu pale stage jioni. Wewe unajua sababu.

4. Bonga na watu kwa heshima

Nambari zitakuambia nauli ilipanda. Sababu iko kwa midomo ya watu. Lakini usimkute konda saa ya rush akiita watu, ati unataka mahojiano. Hapo anatafuta mkate. Nenda saa nne ama saa nane, wakati mathree imepanga laini na crew wamekaa wanapiga stori. Anza hivi:

"Sasa kiongozi. Mimi ni mwanafunzi, niko na projekti ya shule kuhusu nauli ya hii route. Naweza kukuuliza maswali kama manne? Siandiki jina lako wala namba ya gari. Na ukiskia swali hulipendi, niambie tu tuliruke."

Akikataa, sema asante, songa. Akikubali, usimuulize "si nyinyi huongeza nauli juu ya tamaa?" Hapo umefunga mlango. Muulize, "Mvua ikinyesha, siku yako huendaje?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndio kazi ngumu kushinda zote. Mwache amalize, hata akitoka nje ya mada, kwa sababu huko nje ndiko kuna dhahabu.

Usisahau upande wa pili: mathe wa mboga mwenye hulipa nauli na gunia lake, mwanafunzi mwenye alibakisha finje tu, mzae anayeamua kutembea. Watu watano wa crew na watano wa abiria wanatosha kwa kuanza.

Kuna sheria hapa pia. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu. Jina, picha, sauti na namba ya simu ni vya mwenyewe. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwanza. Ukiongea na mtoto, omba mzazi. Na mtu akikuambia kitu kinachoweza kumpoteza kazi, kiache nje ama kiandike bila kitu chochote cha kumtambulisha. Ukifika levo ya chuo, muulize msimamizi wako kuhusu kibali cha NACOSTI.

5. Fanya sababu zishindane

Tuseme umesikia sababu tatu. Crew wanasema jam ya mvua inawakata tripu, na mwenye gari bado anataka hesabu yake ya siku bila kupunguza hata ndururu. Abiria wanasema crew wanaona watu wamejaa stage wanataka kwenda home, wanachukua nafasi. Mzee mmoja anasema wenye magari hawapendi yaloe matope, wengine hulaza mapema, kwa hivyo mathree zinakuwa chache.

Usichague ile unapenda. Rudi kwa daftari. Kama nauli ilipanda matone ya kwanza yakianguka tu, kabla jam haijaanza, ile sababu ya jam inaanza kuyumba. Kama ilipanda hata siku kavu yenye jam mbaya, inapata nguvu. Kama inafuata urefu wa foleni, mvua iwe ama isiwe, basi abiria wana point. Na inawezekana zote tatu zina ukweli kidogo.

Mfano wa nambari za kubuni ndio uone. Siku 14: kavu 10, mvua 4. Siku kavu, mara tisa ulilipa 50, mara moja 80. Siku za mvua ulilipa 50, 80, 80, 100. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: kavu ni 50, mvua ni 80. Tayari uko na kitu cha kusema.

Lakini macho yako yaende kwa zile siku mbili za ajabu. Kwa nini kuna siku kavu ililipwa 80? Labda kulikuwa na ajali Jogoo Road, labda ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na ile siku ya mvua nauli ilibaki 50, nani alikataa kupandisha? Usizifute ndio jedwali ikae safi. Hizo siku mbili zinaweza kukufundisha kushinda zile 12.

Usiseme pia "nauli Nairobi hupanda kwa shilingi 30 mvua ikinyesha." Wewe umecheki stage moja, saa moja, wiki mbili. Sema hivyo hivyo. Mwalimu mwenye anajua kazi atakupa alama zaidi kwa kusema mpaka wa ulichoona.

6. Kama wewe ndio unamsaidia mtoi wa home

Labda umesoma mpaka hapa na shule ulimaliza kitambo, ni dogo wako mwenye ako na projekti. Mathe amesema "msaidie," na wewe unataka kumwandikia ndio yaishe. Usimwandikie. Mara moja kwa wiki, kaa naye dakika ishirini, muulize maswali matatu: Umepata nini? Ni nini kimekushangaza? Wiki ijayo utafanya nini? Akikwama, muulize swali lingine badala ya kumpa jibu. Na kama anapenda kusuka nywele, kupika chapo ama FIFA, hiyo mada inatosha. Usimlazimishie mathree juu wewe unapenda mathree.

Ratiba ya wiki sita inaweza kukaa hivi. Wiki ya kwanza swali. Ya pili kusoma na kuchora jedwali. Ya tatu na ya nne kukusanya. Ya tano kubonga na watu na kupanga nambari. Ya sita kuandika. Na kuandika ni rahisi ukifuata njia uliyopita: nilitaka kujua nini, niliangalia vipi, niliona nini, nadhani ni kwa nini, na bado sijui nini.

7. Rudisha ulichopata

Projekti ikiwa kali, usiiache kwa droo ya mwalimu. Kenya Science and Engineering Fair iko kwa wanafunzi, na Young Scientists Kenya pia. Uliza shule yenu inaingia vipi.

Lakini kabla ya majaji, irudishe stage. Chapisha ukurasa mmoja, uwapelekee wale crew na yule mathe wa mboga waliokupa muda wao. Waambie, "Hii ndio nilipata. Nimekosea wapi?" Watakucheka kidogo, watabishana wenyewe kwa wenyewe, halafu mmoja atakuambia kitu hukuwa umefikiria kabisa. Kiandike, tarehe na saa, kwa daftari lile lile la shilingi ishirini. Hapo uko na swali la projekti ya pili, na hakuna saiba tao inaweza kukuuzia hilo.